MGUU UMEVIMBA: UMETEGUKA AU UMEVUNJIKA?

Mtu akijikwaa vibaya, akiangukiwa na gogo au akikanyagwa na gurudumu la pikipiki, waliopo humwambia: "Hebu jaribu kutembea. Ukiweza, hujavunjika." Kwa sababu ya maneno haya wengi hukaa nyumbani wiki mbili au tatu wakikandwa kwa maji ya moto, na mfupa ukaungana ukiwa umepinda. Mwezi huu tunaeleza kwa nini kipimo hicho hakitoshi.

Sehemu ya mguu iliyo chini ya kifundo, yaani wayo, ina mifupa 26. Mmoja ukivunjika, iliyo jirani yaweza kuendelea kuubeba mwili. Ndiyo maana aliyevunjika huweza kutembea, japo kwa kuchechemea.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Maumivu makali yaliyoanza ghafla. Wengine husikia mlio wa kitu kukatika.
2. Uvimbe, na damu kuvilia chini ya ngozi. Kwa kuwa ngozi yetu ni nyeusi, tutazame pia chini ya unyayo. Damu ikionekana imevilia katikati ya unyayo, huenda viungo vya ndani ya wayo vimeumia sana.
3. Wayo au kidole kupinda kuliko mwenzake wa mguu wa pili.
4. Kushindwa kukanyaga.
5. Jeraha mahali palipoumia, au mfupa kutokeza nje. Hii ni hatari kubwa, kwani wadudu wa maradhi huingia hadi kwenye mfupa.

Uvimbe peke yake hautoshi kuamua, kwa maana hata mguu ulioteguka huvimba. Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, nchini Kanada, walitoa kanuni rahisi inayotumika hadi leo. Mtu mzima mwenye maumivu katikati ya wayo apigwe picha ya eksirei ikiwa lipo mojawapo kati ya haya matatu:

(a) Anaumia akibonyezwa kwa kidole kwenye kinundu cha mfupa kilicho katikati ya ukingo wa nje wa wayo.
(b) Anaumia akibonyezwa kwenye mfupa ulio upande wa ndani, juu ya uvungu wa wayo.
(c) Hakuweza kupiga hatua nne alipoumia, na hata akifika kwa mganga bado hawezi.

Tuone basi kwamba kutembea ni kipimo kimoja tu. Anayetembea lakini anaumia mfupa ukibonyezwa, naye aende hospitali. Watoto wapelekwe bila kungoja vipimo hivi. Vivyo hivyo wagonjwa wa kisukari, kwa kuwa miguu yao yaweza kufa ganzi na kuvunjika bila maumivu makubwa.

WANAOANGUKA KUTOKA JUU

Mkoani kwetu Tabora wapo warina asali wanaopanda miti mirefu, na msimu wa maembe watoto hawashuki mitini. Anayeanguka na kutua kwa miguu huweza kuvunja mfupa wa kisigino, na nguvu ileile ikapanda na kuumiza uti wa mgongo. Akilalamika mgongo, asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Alazwe juu ya ubao au kitanda na abebwe hivyo hivyo.

WANAOTEMBEA MBALI

Mfupa waweza pia kuvunjika bila ajali. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alieleza habari za askari waliovimba miguu kwa sababu ya kutembea mno. Baadaye eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, ilionyesha kuwa mifupa mirefu ya wayo ilikuwa na nyufa. Sisi tunaoishi kwenye njia ya misafara ya zamani twaweza kufikiri juu ya wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mizigo ya kiasi cha kilo 30 kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Siku hizi ufa huu huwapata wakimbiaji, askari wanafunzi na watu wanaoanza ghafla kazi ya kutembea sana. Maumivu huanza kidogo, huzidi mtu akitembea na hupungua akipumzika. Picha ya kwanza yaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo maumivu yakiendelea arudi baada ya wiki mbili au tatu.

TUFANYE NINI?

Tumvue kiatu mapema, kabla mguu haujavimba. Tuuinue mguu juu ya mto na kuweka kitambaa cha maji ya baridi. Tusichue wala kukanda kwa maji ya moto. Jeraha tulifunike kwa kitambaa safi, na mgonjwa aulizie sindano ya pepopunda. Wanaofungwa vijiti na mafundi wa jadi wachunguze vidole mara kwa mara: vikiwa vya baridi, vikifa ganzi au kubadilika rangi, vijiti vilegezwe mara moja na mgonjwa akimbizwe hospitali. Kufunga kwa kukaza mno kumewapotezea watu miguu.

Mfupa hubaki jinsi ulivyoungana. Mwaka 1844 simba alimvunja David Livingstone mkono wa kushoto, na haukuungana vizuri. Alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kupitia Unyanyembe hadi pwani. Ulipofika Uingereza mwaka 1874, daktari Fergusson aliutambua kwa mfupa ule, miaka 30 baada ya kuvunjika.

Mifupa mingi ya wayo iliyopangwa vema huunga kwa wiki sita hadi nane. Ni afadhali kuvumilia hogo kwa muda huo kuliko kuchechemea maisha yote.