Ugonjwa Usio na Jina Hautafutwi

Hapa Nakuru, mtu akishindwa kumeza ugali husemwa kwamba ana ugonjwa wa koo. Kauli hiyo ina kasoro inayoweza kugharimu maisha. Aghalabu kinachozibwa si koo bali umio, yaani mrija upelekao chakula tumboni.

Saratani ya umio imeota mizizi katika Bonde la Ufa. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, wameandika habari za wagonjwa ambao hawajatimiza hata miaka 30. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza watu 305 wa eneo hilo wasiokuwa na malalamiko yoyote. Umio ulinyunyiziwa ayodini, ambayo hugeuza utando wenye afya kuwa wa kahawia na kuyaacha mabaka yenye hitilafu bila rangi. Takribani asilimia 14 walikutwa na seli zilizokwisha kubadilika, ingawa hazijawa saratani.

Nini huanzisha mabadiliko hayo? Tumbaku, pombe na vinywaji vya joto lipitalo nyuzi 65 vimetajwa. Sasa bakteria nao wanashukiwa. Huko China, bakteria wa magonjwa ya ufizi wamekutwa ndani ya uvimbe wa umio. Tena, bakteria wa kinywani hugeuza kileo kuwa asetaldehaidi, kemikali iharibuyo chembe za urithi. Na mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, imepimwa ikakutwa na kemikali iyo hiyo. Hata hivyo, kukutwa penye wizi si kuiba. Haijathibitishwa iwapo bakteria hao huanzisha madhara au huvamia tu mahali palipokwisha kuharibika. Lakini tusiwapuuze: Warren na Marshall walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kuwa bakteria husababisha vidonda vya tumbo, jambo ambalo wengi walilikataa hapo awali.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Kinachonikera ni msamiati. Hatua hiyo itanguliayo saratani tumezoea kuiita "dalili za mwanzo". Jina hilo linapotosha, kwa maana dalili ni kitu ahisicho mgonjwa, na hapa hahisi chochote. Asubiriye dalili hufika hospitalini akiwa hawezi kumeza ila uji, ilhali mabaka hayo yakigunduliwa mapema yaweza kuondolewa.

Wahenga hawakutuacha mikono mitupu. Walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kwa nini hatua hii isiitwe "ufa wa umio"? Ufa hauumi, lakini huonekana na atazamaye, nao huzibika.

Walimu, lifundisheni neno umio darasani. Wanafunzi, pigeni mswaki, acheni chai ipoe, na mkirudi nyumbani mwambieni babu kwamba kukwama kwa chakula si uzee. Neno sahihi haliponyi, lakini humwonyesha mtu mahali pa kutazama.