Figili za Aprili

Ukiwauliza wanachama wetu waliopanga nyumba zenye kijiuwanja nyuma kwa nini hawapandi kitu, jibu ni lilelile: "Mwezi wa sita nahama, nipande nini?" Panda figili. Mbegu huchipua kwa siku 5 hadi 10, na baada ya wiki 4 hadi 6 unavuna. Ni mboga ya mtu asiye na muda mrefu mahali alipo, na wengi wetu hapa Uingereza ndivyo tulivyo.

Jina lake si geni kwetu. Figili limetokana na neno la Kiarabu, na wenzetu wenye jamaa Muscat huisikia ikiitwa fijl mezani. Kigeni hapa ni kalenda. Unguja, karibu na ikweta, mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, hivyo mkulima hasubiri mwanga. Husubiri masika na vuli. Uingereza mvua hunyesha mwezi wowote, na kinachobadilika ni mwanga na joto. Mchana wa London mwezi Desemba ni kama saa 8, na mwezi Juni unapita saa 16.

Figili inaitambua tofauti hiyo. Siku zikirefuka na joto likizidi, mmea huacha kunenepesha mzizi na kukimbilia kutoa shina la maua. Mzizi hubaki mwembamba, mgumu na mkali. Kwa hiyo anayesubiri Julai ili "kupate joto kama la kwetu" anaweza kuambulia majani na maua matupu. Panda kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei. Ukiikosa nafasi hiyo, jaribu tena Agosti hadi mwanzo wa Septemba.

Chagua mahali penye jua. Lainisha udongo, toa mawe, wala usitie samadi mbichi: mbolea ikizidi, majani hustawi na mzizi hudumaa. Chora mistari iliyoachana sentimita 15, tia mbegu kwenye kina cha sentimita 1, kisha mwagilia. Asiye na uwanja atumie chungu chenye matundu chini na kina cha sentimita 15.

Miche ikitoka, ing'oe mingine ili kila mmoja uachane na mwenzake kwa sentimita 3. Hapa ndipo wengi huingiwa na huruma. Lakini miche iliyosongamana hugombea mwanga, ikarefuka bila kutia mzizi. Unayoing'oa usiitupe, ioshe uichanganye kwenye kachumbari.

Udongo usikauke kabisa. Ukiukausha kisha ukaufurikisha maji, figili hupasuka. Wako pia wadudu weusi wadogo wanaoruka kama viroboto na kutoboa majani. Wavu mwembamba sana uliotandazwa tangu siku ya kupanda huwazuia. Konokono wasio na gamba watafute usiku kwa tochi.

Vuna figili ikifikia unene wa sentimita 2 au 3. Ukiiacha ardhini inenepe zaidi, ndani huwa kama sifongo. Mzizi ukatie chumvi na ndimu. Majani machanga yapike kwa tui, kama unavyopika mchicha. Na usimalize pakiti nzima siku moja. Panda mbegu chache kila baada ya wiki 2, upate za kula mpaka mitihani.

Shahada nyingi za uzamili hapa ni za mwaka mmoja. Mgeni anayefika Septemba huona siku zikifupika tu mpaka Desemba, na ni rahisi kuuhesabu mwaka mzima kuwa wa giza. Mwenye mstari mmoja wa figili ana sababu ya kutoka nje mwezi Machi na kutazama jua limefika wapi ukutani. Atakapomrudishia mwenye nyumba funguo zake, atakuwa ameijua nchi hii kwa misimu yake, na ameila pia.