Filta ya ND: ya Ruvu na ya Pugu si moja

Ukingoni mwa Mto Ruvu, upande wa Mlandizi wilayani Kibaha, jua la saa sita huilazimisha kamera yenye ISO 100 na tundu la f/11 kufunga shata kwa takriban 1/200 ya sekunde. Kwa kasi hiyo maji huganda pichani. Kazi ya filta ya ND ni kupunguza mwanga bila kubadili rangi, ili shata ikae wazi zaidi na mwendo wa maji uonekane. ND8 hukufikisha kwenye 1/25, ND64 kwenye theluthi moja ya sekunde, na ND1000 kwenye sekunde tano.

Wanaoanza wengi hukimbilia ND1000. Kwa Ruvu, naona ni ununuzi wa mapema mno. Masika mto huwa wa tope, na uzuri wake uko kwenye michirizi ya povu na majani yanayochukuliwa na mkondo. Sekunde moja hivi huichora michirizi hiyo vizuri. Sekunde thelathini huifuta yote, ukabaki na bapa la kahawia na miti iliyotikiswa na upepo. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, mwanga hupungua na ND64 hukupa hiyo sekunde bila taabu. Ndiyo ningenunua kwanza. Piga kutoka mahali palipoinuka, mbali na maji: Ruvu ina mamba.

Kisarawe ni habari nyingine. Ndani ya msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), miti yenyewe imeshazuia mwanga, na mara nyingi shata hukaa wazi zaidi ya robo ya sekunde bila filta yoyote. Huko ND haina kazi. Kinachoharibu picha ni mng'ao mweupe juu ya majani mabichi, hasa baada ya mvua, na dawa yake ni filta ya polaraiza: unaizungusha hadi mng'ao upotee na kijani kirudi. Kwenye Bwawa la Minaki, huko huko Kisarawe, polaraiza hiyo hiyo hukupa uamuzi wa kuacha kivuli cha miti majini au kukiondoa. ND1000 itapata nafasi yake hapo siku utakapotaka mawingu yavutike juu ya bwawa lililotulia.

Sasa bei. Seti za plastiki zenye filta nyingi huuzwa mtandaoni hata chini ya dola 20, lakini mbili zikipachikwa pamoja mara nyingi rangi huelekea zambarau na ukali wa picha hupungua. Filta moja ya kioo, ya duara, ya daraja la kati, hugharimu kati ya dola 30 na 70 kutegemea kipenyo. Mfumo wa filta za mraba za milimita 100 pamoja na kishikio hupita dola 150 kirahisi. Unamfaa anayepiga mandhari kila wiki. Ukiagiza nje, ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla ya kusema umepata nafuu.

Ipo pia ND ya kuzungusha, inayobadilisha giza lake. Wapiga video huipenda kwa haki. Kwa lenzi pana ya mandhari siishauri, kwa sababu ni polaraiza mbili zilizopachikwa pamoja, na ukiifikisha mwisho msalaba mweusi hujitokeza angani.

Nunua kwa kipenyo cha lenzi yako kubwa, tuseme milimita 77, kisha ringi ndogo ya dola chache ya kuiunganisha na lenzi ya milimita 58. Dukani Kariakoo, omba kuipiga karatasi nyeupe picha mbili, bila filta na ukiwa nayo, kwa mpangilio ule ule wa rangi. Karatasi ikigeuka njano au zambarau, rudisha. Fedha iliyobaki iende kwenye stendi nzito, maana stendi ikitikisika hakuna filta itakayoinusuru picha.