Mkali, Mjuaji na Mkimya Mbele ya Kaunta

Asubuhi ya Jumatatu kaunta ya kituo cha polisi nchini Uganda huwa imefurika watu. Yupo aliyeibiwa bodaboda usiku, wapo waliopigana kilabuni, yupo mzee anayemtafuta kijana wake aliyekamatwa juzi. Askari wa zamu ana daftari moja la matukio, na wote wanataka wasikilizwe kwanza. Hapo ndipo tunapopimwa kwa namna tunavyosema na watu.

Mkali ndiye anayeogopwa zaidi, ingawa kwa maoni yetu si vigumu kumhudumia. Mara nyingi anafoka kwa sababu ana hofu. Nduguye yumo mahabusu, naye ameambiwa mitaani kwamba lazima alete fedha. Askari akimjibu kwa kufoka, au akimwamuru “Tulia!”, atakuwa amemwaga petroli juu ya moto. Afadhali ashushe sauti yake mwenyewe, amwulize jina lake, aliandike mbele ya macho yake, kisha amweleze mambo mawili: kwamba Katiba yetu inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na kwamba dhamana ya polisi haitozwi hata shilingi moja. Tumewaona wengi wakiketi wenyewe baada ya kuyasikia hayo.

Mjuaji, yule anayetaja vifungu vya sheria na kudai kumwona mkuu wa kituo, hahitaji mabishano. Apewe namba ya taarifa yake katika daftari pamoja na jina la askari atakayeishughulikia.

Anayetushinda ni mkimya. Mwanamke mmoja alifika katika kituo ambacho hatutakitaja, akaketi kwenye benchi. Askari alipomfikia, alisema, “Nimekuja kuwasalimu tu, afande.” Askari akashukuru, akamgeukia aliyekuwa akipiga kelele. Siku nyingine alirudi, akaketi, akaondoka bila kuulizwa neno. Mara ya tatu aliletwa na mwenyekiti wa LC1, mkono wake umevunjika. Aliyemvunja ni mumewe, na kipigo hicho ndicho kilichomleta tangu siku ya kwanza.

Hatuwezi kusema kwamba hakutuambia. Nani husafiri hadi kituo cha polisi kuja kusalimu? Salamu ile ilikuwa mlango, nasi hatukuufungua. Mtu wa namna hii hawezi kusema shida yake juu ya kaunta, wanaume kumi wakimsikiliza. Hutolewa pembeni, huketishwa, na askari naye huketi, kwa maana mtu aliyesimama juu ya mwenziye huonekana kama anayehukumu. Maswali huwa machache, na kimya kati ya swali na jibu huachwa kipite. Tangu siku ile, kituoni hapo askari mmoja hupewa kazi ya kupita kwenye benchi na kumwuliza kila aliyeketi, kwa sauti ya chini, kilichomleta.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kiswahili ni lugha yetu ya kazi tangu enzi za ukoloni, lakini tusijidanganye: wazee wengi wa nchi hii wakikisikia hukumbuka amri za askari wa miaka ya 1970. “Wewe, kuja hapa!” si Kiswahili kizuri, wala si adabu. “Karibu mzee, tukusaidie nini?” ni Kiswahili pia. Na pale ambapo “ssebo” au “nnyabo” itamfungua mtu haraka zaidi, tuanze na hiyo.

Afisa anayewakaripia wadogo zake ofisini asishangae kuyasikia maneno yale yale yakirudiwa kaunta kabla ya saa sita. Kwa mkubwa mwenye hasira, tunawashauri vijana wetu wapeleke taarifa fupi, ubaya utangulie, maelezo yafuate atakapoyauliza.

Kwako msomaji: ukiwa na neno usiloweza kulisema mbele za watu, mwambie askari, “Nina jambo la faragha.” Hulazimiki kulieleza kaunta. Unaweza kumwomba askari wa kike, au uulizie dawati la ulinzi wa mtoto na familia. Ukiwa umejeruhiwa, omba Fomu ya Polisi namba 3 uende nayo kwa daktari. Fomu hiyo ni bure. Na ukiona ni vigumu kuja peke yako, njoo na jirani au mwenyekiti wako.