Daktari Mwanafunzi Akija Kukuuliza Habari

Labda siku moja utakuwa umelala hospitalini, ama umeketi mlangoni pa nyumba yako, na kijana wa kanzu nyeupe atakuja kwako. Hana sindano wala dawa mkononi. Ana daftari na kalamu tu. Atakusalimu, ataomba nafasi ya kuketi, kisha atasema, "Mama, tafadhali, nieleze tangu mwanzo namna ugonjwa huu ulivyoingia nyumbani mwako."

Wengine wanaogopa na kuwaza, "Je, huyu ni mpelelezi?" Wengine wanacheka: "Daktari gani huyu, asiyejua ugonjwa mpaka aniulize mimi?" Kwa sababu hii nataka kukueleza kazi yake, upate kujua namna ya kuipokea, na namna ya kuikataa ukitaka.

1. Kuhesabu na kuuliza

Kuna njia mbili za kutafuta maarifa ya ugonjwa. Njia ya kwanza ni kuhesabu. Tuseme katika kijiji chako mama 100 walizaa mwaka huu, na 60 kati yao walizalia nyumbani. Hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini inatuambia ni wangapi tu, haituambii sababu. Je, njia ni ndefu? Franka zimekosekana? Mama mkwe amekataza? Ama wanaona haya mbele ya mwuguzi mwanaume? Ukitaka kujua hayo, huna budi kuketi na mama wenyewe na kuwasikiliza. Ndiyo njia ya pili. Haishindani na hesabu. Njia hizi mbili zinasaidiana kama mikono miwili inayofunga mzigo mmoja.

2. Kosa langu mwenyewe

Siku moja mama mmoja alileta mtoto mwenye malaria kali, amekwisha kulegea. Nilimkaripia mbele ya watu: "Mama, ulikuwa wapi siku tatu hizi?" Akanyamaza. Nikaandika katika karatasi ya mtoto ya kuwa mama amechelewa kwa uzembe.

Jioni daktari mwanafunzi, aliyekuwa kwetu kwa staji, aliketi na mama yule mkekani. Hakumwuliza, "Kwa nini umechelewa?" maana ulizo hilo ni hukumu tayari. Alimwambia, "Mama, nieleze siku hizi tatu, moja moja."

Ndipo mama akafungua kinywa. Siku ya kwanza homa ilianza usiku, akampa mtoto dawa iliyobaki ya kaka yake. Siku ya pili alifika kwetu asubuhi. Mlangoni akaulizwa karata, naye hakuwa nayo. Akakaripiwa, akarudi nyumbani. Siku ya tatu alizunguka kutafuta mtu wa kumkopesha franka. Basi mama hakukawia. Sisi tulimrudisha.

Mtoto alipona. Lakini neno nililoandika halikuwa kweli, nami nililiandika kwa wino. Mwanafunzi, kwa ruhusa ya mama, alitueleza habari hiyo. Tangu siku ile mtoto mwenye homa anapimwa kwanza. Karata inaulizwa baadaye.

3. Mambo wanayofundishwa

Kusikiliza ni kazi ya kujifunza kama kushona kidonda. Walimu wanawafundisha hivi:

Kwanza, ulizo liwe wazi. Ukiuliza, "Je, unakunywa dawa kila siku?" mgonjwa atajibu "Ndiyo" ili kukupendeza. Ukisema, "Nieleze namna ulivyokunywa dawa jana," utasikia habari nyingine.

Pili, kunyamaza. Wanafunzi wanaulizana wao kwa wao, sauti zinanaswa, kisha wanajisikiliza. Wengi wanaona haya wakisikia mara ngapi walimkatiza mwenzao.

Tatu, kutazama. Mtu anaweza kusema maji yanachemshwa, lakini sufuria na kuni zitaonyesha mambo yalivyo.

Nne, kukutanisha watu wachache, labda sita ama wanane, wazungumze pamoja. Lakini mabibi vijana hawatasema wazi mbele ya wazee, basi inafaa wakae peke yao. Na habari ya siri haiulizwi katika kundi.

Tano, kuandika maneno ya mtu jinsi alivyoyasema, katika lugha yake. Baadaye wanayasoma pamoja na mwalimu, wanaweka alama penye maneno yanayofanana, na kutafuta maana. Wasipopata tena jambo jipya, hapo wanajua ya kuwa wamekaribia kutosha.

Sita, kujichunguza. Kanzu nyeupe inatisha. Mwanafunzi ajiulize, "Je, mtu huyu amesema kweli, ama amesema yale aliyodhani nayataka?"

Mwaka 1978 daktari Arthur Kleinman wa Marekani na wenzake waliandika maulizo ya kumsaidia daktari kumwelewa mgonjwa: ugonjwa huu unauitaje, unadhani ulitoka wapi, unaogopa nini zaidi? Mpaka leo yanafundishwa katika shule nyingi za udaktari.

4. Faida yake wakati wa Ebola

Mwaka 2000 na 2001 Ebola ilishika watu wa Gulu, Uganda. Mtaalamu wa desturi za watu, Barry Hewlett wa Marekani, aliketi na Waacholi akawauliza. Wageni walizoea kuona desturi za wenyeji kuwa kizuizi tu. Kumbe wazee walikuwa na amri zao juu ya tauni wanayoiita gemo: mgonjwa akae nyumba ya peke yake, aliyekwisha kupona ndiye amtunze, mabua marefu yasimamishwe kuwa alama, ngoma ziachwe. Amri hizo zilipatana na shauri la madaktari.

Kwetu Kongo, Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaingia Ituri pia, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Walishikwa watu 3,470, wakafa 2,287. Chanjo ilikuwapo, lakini wengi waliikimbia. Je, ni ujinga? Waliokwenda kuwasikiliza walipata habari nyingine. Watu walisema, "Tangu mwaka 2014 tunauawa hapa Beni, na magari haya hayakuja. Mbona yanakuja leo?" Tena mwezi wa Desemba 2018 watu wa Beni na Butembo hawakupiga kura ya rais pamoja na wengine, na Ebola ilitajwa kuwa sababu. Hasira yao ilikuwa na shina.

Jamaa waliogopa pia kwa kuwa mgonjwa aliingia ndani wasimwone tena. Basi huko Beni vilitumika vyumba vyenye kuta za kuonyesha ndani, jamaa wapate kumwona mpendwa wao na kusema naye. Na juu ya maziko, katika Afrika ya Magharibi watu waliwaficha wafu wao, kwa kuwa walizikwa bila sala wala jamaa. Mwezi wa Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa maagizo mapya: maziko yawe salama, lakini yawe ya heshima pia, na jamaa na viongozi wa dini wawepo.

5. Haki zako

Daktari mwanafunzi akija, ujue haya:

Akuambie kwanza jina lake, kazi yake, na nani atakayesoma maneno yako. Asinase sauti yako bila ruhusa. Jina lako lisionekane katika kitabu chake. Unaweza kukataa, ama kuacha katikati, na dawa yako haitapunguzwa hata kidogo. Tena unaweza kumwambia, "Ukimaliza, urudi utueleze uliyoyapata."

Lakini ukikubali, sema kweli. Usimpendeze kwa maneno matamu. Ikiwa ulikwenda kwa mganga wa miti kwanza, sema. Ikiwa sisi wauguzi tulikukaripia, sema hilo pia. Mama yule wa mkekani alisema, na watoto wengi wamepita mlangoni petu tangu siku ile bila kurudishwa.

Maulizo ya kukumbuka

1. Hesabu inatuonyesha nini, na haituonyeshi nini?
2. Kwa nini "Kwa nini umechelewa?" si ulizo jema?
3. Wazee wa Acholi walijua nini juu ya tauni?
4. Ukikataa kujibu, je, utanyimwa dawa?