Ugonjwa wa Kujikunja Majani ya Mipilipili
Wakulima wa pilipili katika Bara Hindi wanaijua sana hasara ya ugonjwa huu: majani hujikunja kuelekea juu, mche hudumaa, na mazao hupungua. Lakini jicho hudanganya, maana utitiri nao hukunja majani, ingawa mara nyingi kuelekea chini. Mkulima akinyunyiza dawa ya utitiri, kumbe ni virusi, fedha yake imepotea bure.

Virusi hivyo, vienezwavyo na inzi weupe, havionekani kwa darubini ya kawaida. Kwa hiyo wataalamu hutoa katika jani asili yake ya urithi, yaani DNA, na kuzisoma herufi zake zipatazo 2,700. Zikilingana asilimia 91 au zaidi na za kirusi kijulikanacho, huhesabiwa kuwa aina moja. Mche ulioambukizwa hauna dawa, ung'olewe mapema.