Kitanda Kinachofunguliwa kwa Spana

Wanangu, leo nawasimulia habari za gari linalolaliwa. Si basi lenye viti vya kuegemea nyuma. Nasema Land Cruiser, ile ndefu inayoitwa mkonga kwa ajili ya bomba lake la kuvuta hewa, lililopanda ubavuni mwa kioo cha mbele. Toyota walianza kuuza ukoo huo wa magari mwaka 1984, na mpaka leo kwenye barabara mbaya za Tanzania ndilo gari linalopeleka chanjo na kurudi na mgonjwa.

Sasa tuseme wauguzi wawili na dereva wao wametumwa vijiji vya kaskazini mwa Kigoma. Watapita Mwandiga, watapanda Kalinzi, kisha watafuata milima kuelekea upande wa Kagunga. Kagunga ni kijiji cha ufukweni kwenye mpaka wa Burundi. Mbele yake ni Ziwa Tanganyika, nyuma yake mlima umesimama. Mwaka 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipojazana kwenye ufukwe ule na kipindupindu kikazuka, hapakuwa na barabara ya kuwapelekea hata lori moja. Walitolewa kwa njia ya maji. Meli ya MV Liemba ilibeba watu wapatao 600 kwa safari moja mpaka Kigoma mjini. Basi dereva anayeelekea upande ule lazima ajue kuwa pengine gari litaachwa mlimani, watu washuke kwa miguu au watafute boti, na usiku uwakute mbali na nyumba yoyote ya wageni.

Watalala wapi? Na vifaa vyao vitakaa wapi?

Hapo ndipo fundi anapojenga kichanja ndani ya gari: mizigo chini, watu juu. Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote. Kichanja hicho kijengwe kwa vipande vinavyofunguka. Gari la huku halina kazi moja. Jioni ni chumba cha kulala, na alfajiri anaweza kuletwa mama mwenye uchungu wa uzazi, mahali pote pale nyuma pahitajike wazi. Kitanda kilichopigiliwa misumari siku hiyo ni kizuizi.

Liemba yenyewe ilikuja kwa vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakavuka bahari mpaka Dar es Salaam, yakapanda treni mpaka Kigoma, na mwaka 1915 meli ikaingia ziwani ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe vitani, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mashine zile zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Mimi huwaambia vijana wa gereji: angalieni kazi ya grisi! Bolti za kichanja zipakwe grisi siku ya kufungwa. Unyevu wa ziwani ukizipata kavu zitashika kutu, na siku ya haja spana itateleza tu.

Fundi mzuri haanzi na godoro. Anaanza na dumu. Dumu la maji la lita 20 likisimama wima lina kimo cha karibu sentimita 40, na kimo hicho ndicho kinachoamua kichanja kitakaa juu kiasi gani. Ukipandisha sana, mtu akiamka anagonga kichwa kwenye paa. Ukishusha sana, dumu halipiti. Kwa hiyo kabla ya kukata ubao wowote, weka sanduku la kimo hicho ndani ya gari, mkalishe juu yake mtu mrefu kuliko wote wa safari, utazame kichwa chake kinafika wapi. Kama hapatoshi, madumu yapewe nafasi yao wenyewe nyuma ya kiti cha dereva, na kichanja kishuke.

Uzito nao una sheria zake. Maji ya dumu moja ni kilo 20, kwa hiyo madumu matatu ni kilo 60. Ubao mmoja mzima wa plaiwudi wa milimita 18 una kilo 30 hivi. Ongeza vyuma, magodoro, boksi la chanjo, na watu. Vitu vizito vikae sakafuni, katikati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Mzigo mzito ukiupandisha juu ya paa, gari linapopita ubavuni mwa mlima litaegemea upande wa bondeni. Milima ya Kalinzi haimsamehe dereva wa namna hiyo.

Kichanja chenyewe kifungwe kwenye matundu ya bolti yaliyokuwa yakishika viti vya nyuma. Matundu hayo yalitengenezwa ili yahimili watu gari linapofunga breki ghafla. Kutoboa sakafu upya ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, maana chini yake pamepita mabomba ya breki na pana tangi la mafuta. Anayelazimika kutoboa aingie kwanza uvunguni na tochi.

Kwa juu, mimi nachagua chaga kuliko ubao mzima. Wanaolala hutoa mvuke kwa pumzi usiku kucha, na godoro lililolala juu ya ubao usio na upenyo huloa kwa chini, likaota ukungu. Chaga zilizoachana kidogo huruhusu hewa kupita. Mbao za mninga ni imara na hazipindi ovyo, ila zipigwe randa na msasa vizuri, kwa kuwa kibanzi kimoja kinatosha kumnyima mtu usingizi. Jeki, spana na tairi la akiba vipatikane bila kumwamsha aliyelala. Hili husahauliwa mara nyingi, na hukumbukwa usiku wa mvua, tairi likiwa limeshapasuka.

Usiku ukifika, vioo viteremshwe kidogo na chandarua kitundikwe, kwani Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya gari kamwe, hata kama baridi ya mlimani inauma. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hapati nafasi ya kushtuka.

Ninyi mnaotaka kujaribu kazi hii, msikimbilie duka la mbao. Nendeni na tepu kwenye gari lolote mnaloruhusiwa kuligusa, mpime sakafu, paa, dumu na jeki, mchore kichanja chenu kwenye karatasi. Kisha mpelekeeni fundi seremala, naye awaambie ni kipande gani mmekifanya kizito mno kwa watu wawili kukitoa.